Mkaguzi na Upande wa Liparamba

Ukimwamkia akiwa mezani, salamu yako ilibidi isubiri. Ulisema, "Shikamoo, Mama Mkaguzi," na yeye alikuwa amekwisha kuweka punje moja ya kahawa kati ya meno ya nyuma, amefumba macho, anasikiliza. Punje ikikatika kwa mlio mkavu, alifumbua macho na kusema, "Marahaba, mwanangu." Ikibonyea kimya, aliitema kwanza, akamtazama mwenye gunia, ndipo marahaba ikaja, tena nyembamba. Sisi watu wa Maguu tulijua hali ya kahawa zetu kwa muda ambao marahaba ilichelewa.

Nimejaribu mara nyingi kuandika habari zake, nikachana. Naogopa kumfanya mkubwa kuliko alivyokuwa, kisha naogopa kumfanya mdogo. Safari hii nitaandika tu nilichokiona, na nisichokiona nitasema sikukiona.

Alikuwa mkaguzi wa kahawa wa chama chetu cha msingi. Mwanamke wa kwanza kukalia kile kiti, na hakupenda kukumbushwa. Meza yake ilikuwa mlangoni mwa ghala, na juu ya meza palikuwa na kitu kimoja tu, ungo. Mkulima alifungua gunia, yeye akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akachota kutoka katikati, akamwaga kwenye ungo. Kisha ilianza kazi ambayo watoto wa shule tulisimama kuitazama kama watu wanavyotazama mpira. Aliutikisa ungo na kutega sikio, maana kahawa iliyokauka ina mlio wa changarawe na iliyo mbichi ina mlio wa maharage. Aliinusa. Alimenya ganda la punje moja kwa kucha. Akatafuna. Mwisho akatandaza punje zote na kuanza kuondoa mbaya kwa vidole viwili: nyeusi, iliyotobolewa na wadudu, iliyovunjika, iliyochacha. Akiondoa zaidi ya alizozizoea, gunia lilirudi nyumbani.

"Jicho ni mgeni," alikuwa akisema. "Linapita, linasifu, linaondoka. Mkono ndio mwenyeji. Uliza mkono."

Alirudisha gunia la Mwenyekiti wa chama mbele ya watu. Alirudisha gunia la kaka yake mwenyewe mara mbili katika wiki moja, na mara ya pili kaka yake akamwuliza kama wamenyonya ziwa moja au vipi. Akamjibu, "Tumenyonya ziwa moja. Kahawa haina mjomba." Jioni alimpelekea kaka yake mkeka wa kuanikia.

Na bado hakunywa kahawa. Hili liliwashangaza wageni. Alikunywa chai ya rangi yenye sukari nyingi mno, akasema kahawa ni ya kuuza na kwamba mtu hali jembe lake. Alikuwa mkali kwa uchafu, lakini jikoni kwake kuku walilala kwenye kapu la nguo. Alihimiza wasichana wasome, kisha msichana aliyesoma akimpinga, alimwambia, "Haya, Mama Chuo Kikuu, endelea." Mama Chuo Kikuu nilikuwa mimi.

Biashara ya kahawa ilipoachiwa huru, wanunuzi binafsi walianza kupanda milima yetu na magari yao. Walinunua kila kitu. Kavu, mbichi, nyeusi, yenye mawe, yote iliingia kwenye gari moja bila mtu kuuma punje hata moja. Wengi walifurahi, na siwezi kuwalaumu, kwani kubeba gunia kutoka kwenye miteremko ya ngolo, yale mashimo ya kilimo chetu, kisha kulirudisha nyumbani mgongoni, si mchezo. Ghala la chama likaanza kutoa mwangwi. Yeye aliendelea kuja kila asubuhi na ungo wake, akakaa mlangoni, akasubiri. Siku nyingine alikagua gunia moja. Siku nyingine hakukagua hata moja, akapangusa meza na kurudi.

Wakulima wachache waliobaki ndio waliounda kikundi. Waliamua kahawa yao isichanganywe na ya mtu mwingine, iende mnadani Moshi kwa jina la kikundi, na kila gunia lipitie kwenye ungo. Hapakuwa na kitu kingine cha kuwatofautisha na magari yale. Ungo ulikuwa ndio kikundi chenyewe, na ungo ulikuwa yeye.

Mwaka uliofuata akapata kiharusi.

Kilimpata shambani, akichuma. Alianguka upande wa kushoto. Wakampeleka hospitali ya misheni kule chini ziwani, akakaa wiki nyingi. Aliporudi, mguu wa kushoto uliburuta kidogo na mkono wa kushoto ulichoka upesi, lakini maneno yake yalikuwa yaleyale na ukali uleule. Macho yake walikuwa wameyapima, yakaonekana mazima. Na yalikuwa mazima kweli. Wiki ya pili akarudi mezani. Watu walipiga vigelegele, naye akawaambia waache kelele, hasikii kahawa.

Mimi wakati huo nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nimemaliza shahada ya ualimu wa sayansi, na serikali ilikuwa imeacha kuajiri kama zamani, kwa hiyo nilikaa nikisubiri barua. Mtu anayesubiri barua huona mambo mengi asiyotakiwa kuyaona. Nilihesabu hatua kutoka mlangoni hadi kisimani. Nililala nikijiuliza kwa nini mwalimu mmoja hakunijibu salamu miaka mitatu iliyopita. Ndiyo maana, nadhani, niliona mimi na si wengine.

Kwanza niliona kanisani. Alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo, na kila mstari aliuanza katikati. Waumini wakiwa "Bwana wetu utujalie amani," yeye alikuwa amekwisha kufika "utujalie amani," na ananyamaza kuwasubiri. Watu wa benchi la nyuma walitabasamu. Walisema Mkaguzi hana subira hata na Mungu.

Kisha sahani. Alipopona, kila nyumba ilitaka kumkaribisha, na kila nyumba alibakiza chakula, daima nusu moja ya sahani, safi kama iliyokatwa kwa kisu. Kwetu mgeni mwenye adabu hamalizi sahani, anaachia watoto. Kwa hiyo akina mama walimsifu. "Ugonjwa umemfundisha adabu," mama yangu alisema, akiwagawia wadogo zangu ile nusu. Watoto wa kijiji kizima walishukuru kiharusi kile. Yeye mwenyewe alikonda, na alilalamika kimya kimya kwamba siku hizi watu wanapakua kidogo.

Mwisho niliona ungo.

Nilikuwa nimempeleka mama na gunia letu. Mkaguzi alitandaza, akaondoa mbaya, akasema, "Safi. Pitisha." Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Upande wa kulia wa ungo palikuwa safi kabisa. Upande wa kushoto palikuwa na punje nyeusi saba, nilizihesabu, na moja ilikuwa na tundu ambalo hata mimi ningeliona kutoka mlangoni. Katikati ulipita mpaka ulionyooka, kama mpaka wa shamba. Hakuna aliyeuchora.

Chuoni tulisoma kidogo kuhusu ubongo. Mwalimu wetu alisema kwamba macho hayaoni. Macho ni wachukuzi. Wanabeba mizigo na kuishusha ghalani, na ni ubongo unaofungua magunia na kusema hiki nini na kiko wapi. Kuna watu, alisema, ambao baada ya kuumia upande wa kulia wa ubongo, mizigo inayotoka kushoto hushushwa vizuri lakini haifunguliwi. Na kwa kuwa haifunguliwi, mtu hajui kwamba ipo. Si giza, maana giza mtu hulijua. Kwake ule upande haupo, wala haukosekani. Niliandika hayo kwa ajili ya mtihani, nikafaulu, nikayasahau. Sasa yalikuwa yamekaa mbele yangu, yamevaa kilemba.

Sikusema kitu. Naomba lieleweke kwamba si kwa ujasiri wa kutunza siri. Niliogopa. Ningemwambiaje? Nilimwandikia barua, nikaandika nyingine fupi zaidi, nyingine ndefu zaidi. Nilifikiri, labda nimekosea. Nilifikiri, labda sijakosea, naye atakufa kwa aibu. Wiki tatu zikapita, na kila siku magunia yaliingia ghalani yakiwa yamekaguliwa nusu.

Ndipo kiwandani Mbinga, kahawa inakokobolewa kabla ya kwenda mnadani, wakarudisha sampuli ya kikundi na barua fupi: mzigo huu una punje nyingi mbovu, uchambueni tena au uuzeni kama mchanganyiko. Mchanganyiko ndilo jina la kile kilichokuwa kwenye magari ya wanunuzi.

Maneno yakaanza. Watu walikumbuka kwamba tangu augue, hakuwa akirudisha magunia kama zamani.

"Mkaguzi wetu ameingiwa na huruma ghafla," Mwenyekiti alimwambia mama yangu, tukiwa tumesimama njiani. "Mimi miaka kumi ananirudisha, mwaka huu napita kama bwana harusi. Huruma hii imetoka wapi?"

"Alikuwa mgonjwa," mama akasema.

"Mgonjwa wa mguu. Mguu haukagui kahawa." Akashusha sauti. "Wale wenye magari wanataka kikundi kife. Ukitaka kuua ng'ombe, unamwendea mchungaji. Jumapili baada ya misa tunakutana ghalani. Atuachie ungo kwa heshima, au tumnyang'anye."

Walitaka kumwita mla rushwa. Mwanamke aliyemrudisha kaka yake.

Siku mbili kabla ya Jumapili, mama alimwalika chakula. Sijui kama alitaka kumwonya au kumuaga. Palikuwa na ugali na usipa, dagaa wa ziwani, waliokaangwa na nyanya. Mkaguzi alikula vizuri mpaka katikati ya sahani, akaacha, akanawa mkono.

"Asante, mama. Usipa mtamu," alisema. Kisha, kama mtu anayejilaumu kwa kusema, "Mwaka huu wamekuwa wachache, eh?"

Nikainuka. Mpaka leo sijui nani aliniinua. Nilishika sahani yake kwa mikono miwili, nikaizungusha nusu mzunguko, nikairudisha palepale.

Akatazama. "Nani ameongeza?"

"Hakuna aliyeongeza, Mama," nikasema. "Walikuwepo."

"Usinichezee. Nimekula nikamaliza."

Mama alinitazama kwa macho ya kunichapa. Mkaguzi alishika sahani mwenyewe, akaizungusha. Usipa wakaondoka. Akaizungusha tena. Wakarudi. Alifanya hivyo mara nne, polepole, kama alivyokuwa akitikisa ungo, na mara ya nne akatega sikio, nadhani kwa mazoea.

"Mama Chuo Kikuu," alisema bila kuinua kichwa. "Hiki nini?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia, nikaingiza wachukuzi na ghala na magunia yasiyofunguliwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo macho yangu mazima?"

"Mazima."

"Na akili?"

"Nzima, Mama. Ila kuna upande haiendi mpaka uipeleke."

Akafikiri. "Kama pori la Liparamba," alisema. "Aliyekaa barabarani anaapa kwamba hakuna tembo. Tembo wapo. Yeye ndiye hajaingia." Kisha uso wake ukabadilika, nikajua amefika nilikoogopa afike. "Na ungo?"

Mama ndiye aliyesema, taratibu, "Dada, ndiyo."

Alikula ile nusu iliyobaki. Aliila yote, mpaka vichwa vya usipa. Alipoondoka alisimama mlangoni, akageuza kichwa chote kushoto, mpaka bega likafuata, akauona mwembe wetu, akasema, "Kumbe bado upo."

Jumapili ghala lilijaa. Nilikaa nyuma nikiwa na karatasi tatu mfukoni, nilizoandika maelezo ya kitaalamu, ili nimtetee. Mwenyekiti alisimama, akakohoa, akaanza na historia ya chama. Mkaguzi akamkata.

"Mwenyekiti, kaa. Najua mlichokuja nacho. Niletee kahawa yako ya mwaka huu, ile niliyoipitisha."

Gunia likaletwa. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akachota, akamwaga kwenye ungo. Akaondoa mbaya. Akasema, "Nimemaliza. Njooni muone."

Walisogea. Mzee mmoja kutoka Matiri, aliyeoa kwetu na aliyependa mzaha, aliinama akasema, "Upande huu umefagiwa. Huu mwingine umeachiwa wageni."

Wengine walicheka, kisha wakaacha. Mkaguzi alikuwa ameshika ukingo wa ungo. Akauzungusha nusu mzunguko. Akazitazama zile punje nyeusi zilizotokea mbele yake, na mimi niliyejua nilimwona akishtuka upya, kama mtu aliyekuta mtu chumbani. Kisha akaanza kuziondoa moja moja. Akazipanga juu ya meza, safu ndefu, wote wakiona.

"Sikupewa kitu na mtu," alisema. "Ugonjwa umenichukulia upande. Hospitali wamenirudisha na macho yote mawili, lakini kichwani kuna upande siendi bila kusukumwa. Sikujua. Huyu binti ndiye aliyenionyesha, kwenye sahani. Tangu niugue nimewakagulia nusu. Kila gunia lililomo humu lirudi mezani."

"Yote?" Mwenyekiti akauliza.

"Yote. Nitaanza na lako, na ninavyoliona, linarudi nyumbani."

Mtu akasema mvua zinakaribia, hakuna muda. Mwingine akasema basi ungo apewe mwingine mwenye kichwa kizima. Nilipapasa karatasi zangu. Nilikuwa nafikiria kama nianze na ubongo au na macho, na nilipokuwa bado nafikiria, Mwenyekiti alikwenda kwenye meza. Akachota zile punje mbovu za kwake kwenye kiganja, akazitazama muda mrefu.

"Mtu akiniibia nitasema ameniibia," alisema. "Lakini sijaona mwizi anayeita kijiji kije kimhesabie." Akamgeukia. "Mama Mkaguzi, mkono wako uko vilevile?"

"Mkono uko vilevile."

"Basi sisi tutauzungusha ungo. Wewe ondoa."

Walifanya kazi siku sita. Kila ungo uliwekwa mbele yake, akaukagua, mtu aliyekaa kushoto kwake akauzungusha, akaukagua tena. Siku ya kwanza alikuwa akiambiwa "geuza." Siku ya tatu alikuwa akigeuza mwenyewe. Magunia mengi yalirudi nyumbani kuchambuliwa, likiwemo letu, na mama alinuna kama watu wengine. Mzigo uliokwenda Mbinga mara ya pili ulikuwa mdogo kuliko wa kwanza, na haukurudishwa. Ulikwenda Moshi kwa jina letu. Mimi karatasi zangu tatu nilizitumia kuwashia moto.

Tangu hapo, wakaguzi wote waliofundishwa kwenye meza ile huzungusha ungo, wenye vichwa vizima pia. Wageni wakiuliza sababu huambiwa ndivyo tunavyokagua Maguu. Ninapolisikia hilo, mimi ambaye huona aibu kwa kila jambo, sioni aibu yoyote.

Mara ya mwisho nilimkuta Mbamba Bay. Miaka ilikuwa imepita. Nilikuwa mwalimu, nimeajiriwa na shule ya watu binafsi, nimesafiri na wanafunzi kwenye mashindano. Yeye alikuwa amehamia ziwani kwa binti yake, milima ikiwa imeshinda miguu. Nilielekezwa ufukweni, mahali usipa wanapoanikwa juu ya vichanja, na nilimjua kabla sijaona sura. Kulikuwa na bibi mwenye fimbo anayezunguka kichanja, hatua kwa hatua, mpaka amerudi alipoanzia, kisha anachukua usipa mmoja, anamvunja karibu na sikio.

Nilimjia kutoka upande wake wa kushoto bila kufikiri. Nikasimama karibu kabisa, nikasema, "Shikamoo, Mama Mkaguzi."

Alikuwa na usipa mdomoni. Nikasubiri. Usipa yule alikatika kwa mlio mkavu.

"Marahaba, mwanangu," alisema, akitazama kulia ambako hapakuwa na mtu. Kisha akageuka, kichwa, bega, mwili mzima, mpaka akanipata. "Nani anatokea Liparamba hivi? Mama Chuo Kikuu."

Akina mama wa pale waliniambia hawapakii usipa kwenye magunia bila yeye kupita. Binti yake alituletea ubwabwa na samaki. Tulikula, na mimi nilizungumza sana, kama ninavyofanya nikiwa na jambo ninaloogopa kulisema. Mwishowe nikalisema. Nilimwambia kwamba miaka yote nimekuwa nikijiuliza kama nilikosa, kuizungusha sahani yake mbele ya mama bila kumwomba. Kwamba nilichelewa wiki tatu, nikijua, na wakati huo watu walimwita jina baya. Kwamba labda angenichukia, na labda alinichukia, na sikupata kujua.

Alitafuna mpaka akamaliza. Kisha akaishika sahani yake, akaizungusha, akala kilichokuwa upande ule. Akanyoosha mkono wake wa kushoto, ule uliokuwa ukichoka upesi, akaishika sahani yangu mimi nisiye na ugonjwa, akaizungusha nusu mzunguko, na akangoja mpaka nitazame.